Saksofoni Iliyojua Dhambi Zangu

Nilibonyeza ile buto ya kinanda siku ya arusi ya mama mdogo, kanisani, mbele ya Mungu na mbele ya wageni waliovuka mpaka kutoka Goma hadi kwetu Gisenyi wakiwa wamevaa vitenge vya sare. Sikutumwa na shetani. Nilikuwa na akili zangu zote, ingawa zilikuwa chache, na tumbo lililojaa hasira ya wiki nyingi. Nayasema haya mwanzoni ili mtu asije akaniuliza baadaye kama ni mimi. Ni mimi. Na kama unatafuta hadithi ya mtoto aliyesamehe, fungia hapa hapa, nenda kaoge.

Nimekumbushwa na harufu. Juzi nilikuwa natafuta chaja chini ya kitanda, mkono ukagusa sanduku la saksofoni, nikalifungua bila kufikiri. Ikanipiga usoni ile harufu ya shaba iliyolala na mate, ya kitambaa chekundu chenye unyevu, na juu ya zote harufu ya ulimi. Ulimi ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa saksofoni. Ndicho kinachotetemeka ukipuliza, ndicho kinachotoa sauti, na ndicho kinachoharibu maisha. Ukikaa miezi mingi mdomoni mwa mtoto, unanuka kama kigunzi cha hindi kilichosahauliwa ndani ya sufuria. Nilinusa mara moja tu, nikamwona Maestro Kalisti amefumba macho mbele ya kinanda chake, na hasira yangu ikaamka kana kwamba ilikuwa imelala mchana tu.

Saksofoni ilikuwa ya tonton Pasi, kaka yake mama, aliyepiga katika fanfari moja, bendi ya matarumbeta, kule Goma. Alipochoka kuvuka nayo, maana kila akipita palikuwa na mtu wa kumwambia "Fungua, piga kidogo tusikiye", aliiacha kwetu. Nilikuwa bado shule ya msingi, mabega yangu hayajafika hata nusu ya ule mkanda wa shingoni. Akanifundisha jioni moja, mguu mmoja tayari mlangoni.

"Do iko hapa," akasema, akibonyeza kidole changu cha kati cha mkono wa kushoto. "Kidole moja tu. Ukipata do, zingine zote zitakuya zenyewe."

Hazikuja. Ukiuma kwa meno, inapiga ukelele kama breki za lori zinazoteremka kuingia mjini. Ukilegeza midomo, inakohoa. Noti za chini zilikuwa zinabubujika kama mtu anayeoga kwa kopo, kwa sababu kifuniko kimoja hakikufunga vizuri na hewa ilikuwa inatoroka humo. Baba Ramadhani, fundi cherehani wa jirani, alinipa lastiki ya suruali nikaifungia kile kifuniko. Alisimama akasikiliza kidogo, kofia yake nyeupe mkononi.

"Sasa hii inalia, ao inaomba msaada?" akaniuliza.

Nilikuwa na ulimi mmoja tu. Ulipochoka niliukata ncha kwa wembe, nikausugua kwenye ubavu wa kibiriti mpaka ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Ulipopasuka pembeni niliupaka rangi ya kucha ya dada yangu Aline, na kwa muda saksofoni yetu ilikuwa na kinywa chekundu. Mdomo wangu wa chini ulikuwa na kidonda kwa ndani, mahali meno yalipolalia. Asubuhi za baridi, upepo wa ziwa ukivuma, sauti ilishuka yenyewe mpaka nikaishika saksofoni kifuani dakika kadhaa ipate joto, kama mtu anayelea kuku. Lakini siku moja do ilitoka. Ilitoka nzima, nene, ikajaza chumba, na mama aliyekuwa uani anachambua sambaza, vile visamaki vya ziwani, akanyanyua kichwa.

"Iyo ni we?" akauliza.

"Ni mi."

"Rudia."

Mama yangu alikuwa anavusha sambaza kwenda Goma kila asubuhi, beseni kichwani. Jumapili alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Ndiye aliyenipeleka kwenye mazoezi, na hapo ndipo nilipokutana na adui yangu.

Maestro Kalisti alikuwa anakuja kutoka Rugerero kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, kinanda kimefungwa mgongoni mwake kama mtoto mchanga. Alikuwa na viatu vyenye ncha, manukato yaliyoingia kanisani kabla yake, na tabia ya kufumba macho akipiga, ili tujue kwamba anaonana na malaika. Nilimtazama Jumamosi mbili nikagundua jambo. Hakugusa vipande vyeusi. Hata kimoja. Vidole vyake vilitembea kwenye vyeupe tu, kama mtu anayekwepa matope. Na mimi, kwa kuwa kinywa changu hakijawahi kuniomba ruhusa, nikauliza mbele ya kwaya nzima:

"Maestro, ile mieusi inauma?"

Watu walicheka mpaka mzee wa besi akakaa chini. Nikaongezea kwamba kuanzia leo jina lake ni Maestro Maziwa. Maestro naye alicheka, ila masikio yake hayakucheka. Mtoto haoni masikio.

Jumamosi iliyofuata tulifanya mazoezi, mimi na kinanda na sauti ya mama, na tulikwenda pamoja kama miguu miwili ya mtu mmoja. Jumapili, wimbo uleule, vidole vilevile, nilipopuliza kilitokea kitu cha kutisha. Do yangu ilikuwa do, lakini haikuwa do ya mtu mwingine yeyote mle ndani. Ilisimama kando ya wimbo ikiupigia kelele. Akina mama wakageuka. Watoto wa kiti cha mbele wakaziba masikio. Mmoja akasema "Meee," na jina langu la shule likawa limepatikana.

Baada ya ibada Maestro aliniita, mpole kama asali.

"Kadogo, kuya. Jana ulipiga muzuri, hapana?"

"Ndiyo, Maestro."

"Na leo?"

Nikaanza kufuta mate kwenye saksofoni.

"Bon. Mi sikuambii kitu. Lakini fikiria. Jana ilikuwa mazoezi, leo ilikuwa ibada. Chombo ikiingia ndani ya ibada, iko inajua mutu mwenye kuficha zambi. Jichunguze, mutoto wangu."

Niliamini. Msinicheke, ushahidi ulikuwa wazi kabisa! Jumamosi saksofoni ilinivumilia, Jumapili ilinikana. Na dhambi nilikuwa nazo, tena za jumla na za rejareja. Jioni ile nikaenda kwa mama aliyekuwa anapanga beseni.

"Mama, mi ndiye nilikula sambaza za wiki ile."

"Wiki gani?"

"Zote."

Alivua kandambili bila hata kuinama. Nilipokea mapigo yangu kwa furaha ya mtakatifu, nikijua Jumapili do itarudi nyumbani. Haikurudi. Nikatubu tena: kwamba nilimwambia mwalimu bibi amekufa, kumbe bibi alikuwa sokoni ananunua viazi, na kwamba nilipenga kamasi kwenye joho la kwaya, kwa ndani. Kandambili. Jumapili, mbuzi. Dhambi zangu zilipokwisha nikaanza kutumia za watu. Nikamwambia mama kwamba Aline anaongea na yule kijana wa duka la simu, nikidhani labda uchafu wa nyumba nzima ndio unaoziba tundu. Aline alinifinya pahali ambapo sitapataja, na Jumapili ile saksofoni ililia vibaya kuliko siku zote.

Niliacha utani. Nikaacha sambaza, hata zile za halali za kwenye sahani yangu. Nilikuwa mtoto mwema kuliko wote Gisenyi na mpiga saksofoni mbaya kuliko wote duniani. Shuleni nikipita, darasa zima linalia meee. Usiku nilikuwa nalala na sanduku pembeni na kuliuliza kwa sauti ndogo: bado nini? Kipi hujasikia?

Hapo ndipo Maestro alipokwenda kwa mama. Alisema anasikitika sana. Alisema arusi ya mama mdogo inakuja, wageni wa Goma wanakuja, na haifai aibu mbele ya wakwe. Saksofoni ikae ndani ya sanduku siku ile. Na baada ya arusi, kwa sababu tonton Pasi aliitoa ili itumikie Mungu, ipewe mpwa wake yeye Maestro, kijana mkubwa, mwenye mapafu na roho safi. Mama alikuwa amechoka kugeukiwa na wenzake kila Jumapili.

"Sawa," akasema. "Kama mutoto hawezi, akamate ule anaweza."

Basi nikajua tarehe ya kifo changu. Arusi ikiisha, saksofoni inaondoka.

Mazoezi ya mwisho kabla ya arusi niliruhusiwa kupiga, nadhani kama mtu anavyoruhusiwa kuaga maiti. Tulikuwa katikati ya wimbo wa bibi arusi, wimbo ambao mama angeimba peke yake, na tulikuwa tunakwenda vizuri, kama Jumamosi zote. Ghafla umeme ukakatika. Kinanda kikafa, tukasubiri. Ukarudi, Maestro akaanza tena, nami nikaingia, na mara, meee! Siku ya Jumamosi! Hapakuwa na ibada, hapakuwa na mchungaji, palikuwa na ndoo na fagio tu. Maestro akasonya, akainamia kinanda, akabonyeza buto moja ndogo ya pembeni. Kwenye kioo kidogo palikuwa na sifuri. Ikawa moja. Mbili. Tatu. Na kwa kila namba kinanda chote kilipanda, kama mtu anayepanda ngazi bila kubadili mwendo, vidole vyake vikiwa palepale kwenye vyeupe. Kilipofika tatu kikanikuta mimi. Do yangu na do yake zikakaa kiti kimoja.

Nilibaki na ulimi wa mwanzi mdomoni kama mtu aliyemeza inzi.

Maestro hakujua kupiga ila njia moja, ile ya vyeupe. Buto ilimfanyia kazi iliyobaki. Jumapili asubuhi nilijipitisha nyuma yake nikijifanya naokota kitabu cha nyimbo, nikachungulia kioo. Nne. Alikuwa ananipandishia ngazi moja kila Jumapili, moja tu, ambayo mwimbaji haimsumbui, lakini saksofoni ya mtoto mwenye vidole vya njia moja inageuka kichekesho. Wiki zote zile. Kandambili zote zile. Sambaza zote nilizoziacha!

Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba mimi si mwenye dhambi, na palepale nikatamani kuwa mmoja.

Ningeweza kumwambia mama. Lakini nani anaamini mbuzi? Na kusema ukweli, kumwambia mama kusingeniridhisha. Nilitaka watu wageuke wamtazame yeye. Nilitaka asikie kwa masikio yake, yale yasiyocheka, jinsi kanisa zima linavyokaa kimya kabla ya kukucheka.

Siku ya arusi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Akina mama wa kwetu wamevaa mushanana, lile vazi la kufunga begani, wa Goma wamevaa vitenge vyao vya sare, na kila upande unauhesabia mwingine mikufu. Mimi niliwekwa nyuma ya spika, sanduku miguuni, limefungwa. Maestro aliandaa kinanda, akaweka tatu yake, kisha akaenda kushikana mikono na wakwe, maana manukato hayanusiki ukikaa. Nikatoka nyuma ya spika. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, na tena, hadi kioo kikasoma nane, nikarudi mahali pangu.

Mpango wangu ulikuwa mzuri sana. Kinanda kingelia juu kama mbu, Maestro angechanganyikiwa, watu wangecheka. Katika mpango huo mama hakuwamo. Naapa sikumwona humo. Sikufikiri kwamba mwimbaji anapokea sauti kutoka kwenye kinanda, kama unavyopokea beseni kutoka kwa aliyekutwisha. Ukitwishwa zito unakwenda nalo.

Milango ikafunguka, mama mdogo akaingia na vazi lake jeupe, Maestro akafumba macho akaanza. Mama akaingia palepale kinanda kilipompa. Ubeti wa kwanza aliubeba. Niliona amestuka, akamtazama Maestro, akashusha kiganja chini polepole: shusha, shusha. Maestro alikuwa na malaika wake. Kisha kiitikio kikafika, kile kinachopanda, na mama akapanda nacho kwa sababu mdogo wake alikuwa anatembea. Mishipa ya shingo ikasimama. Sauti ikafika ukingoni, ikatetemeka, ikapasuka kama glasi iliyotiwa chai ya moto.

"Yee!" shangazi mmoja wa Goma akasema, na hakunong'ona. "Ule mama iko anaimba ao iko anachinjwa?"

Kicheko kikaanza upande wa vitenge, kikavuka njia ya katikati kikaja kwetu. Mama mdogo akasimama, mguu mmoja mbele. Maestro alifumbua macho, akaona nane, akaanza kubonyeza kwa mkono mmoja huku anapiga kwa mwingine, wimbo ukashuka ngazi moja moja na kwaya ikaufuata kama watu wanaoporomoka. Halafu kila kitu kikanyamaza. Mama alikuwa amesimama mbele peke yake, kinywa wazi, mkono shingoni. Niliipata ile picha niliyoitaka, kanisa zima kimya kabla ya kicheko kingine. Ila aliyesimama ndani yake hakuwa Maestro.

Nilifungua sanduku. Kwa haraka nusura nipindishe shingo ya saksofoni nikiichomeka. Nikapuliza. Kwiii! Ulimi ulikuwa mkavu, nilisahau kuulowesha, nilikuwa na shughuli nyingine. Sasa wakacheka hadi wa madirishani. Nikauingiza ulimi kinywani pamoja na mdomo wote wa saksofoni, nikaufyonza, nikasikia ladha ya rangi ya kucha. Kidole cha kati. Nikapuliza taratibu, bila meno.

Do.

Haikuwa nzuri. Ilikuwa na pumzi nyingi, hewa inavuja pale kwenye lastiki. Lakini ilisimama mahali pake, chini, pahali pa Jumamosi zote. Mama hakugeuka kunitazama. Aliichukua tu. Akaanza kiitikio upya kwa sauti iliyobaki, nene, yenye mikwaruzo, nami nikamfuata nyuma kwa noti nilizozijua, na mama mdogo akaendelea kutembea mpaka mbele. Maestro alikaa mikono mapajani. Alijua anachopaswa kupiga, lakini namba yake alikuwa ameipoteza, na kuibonyeza tena mbele ya wote hakuthubutu.

Baada ya ibada mchungaji akamwuliza kulikoni.

"Ni courant, Pasta," Maestro akajibu, akijifuta shingo, akiusingizia umeme kwa ugonjwa wa kinanda chake. "Courant ya leo iko inapanda, iko inashuka. Imeharibu klavie."

Nilikuwa nimesimama pale pale, sanduku mkononi, nimevaa uso wa malaika.

"Ao labda inajua mutu mwenye kuficha zambi, Maestro?" nikamwuliza.

Alinitazama, na nikaona inamwingia polepole, kutoka machoni mpaka viatu vyenye ncha. Angesema nini? Kwamba nimegusa buto? Buto gani? Ya kazi gani? Alifungua kinywa, akakifunga, akaenda kutafuta moto wake. Sijawahi kula kitu kitamu kama ule ukimya. Hata leo nikiwa na siku mbaya, nikifeli hesabu, ninaufungua kidogo ninaulamba. Suala la mpwa mwenye roho safi halikutajwa tena, na Jumapili zote zilizofuata kioo kilisoma tatu.

Nyumbani sherehe iliendelea mpaka jua likazama. Mama hakupiga vigelegele kwa mdogo wake wa pekee. Havikutoka. Alipunga mikono na kutabasamu, na shangazi yule wa Goma akawa anamwongelesha kwa ishara kama bubu, watu wakifurahi. Siku zilizofuata alivuka mpaka na beseni lake akauza kwa vidole, maana asiyeweza kuita wateja pale anarudi na mzigo. Alirudi na mzigo.

Jioni moja alikuwa ameketi uani na kikombe cha maji ya moto ya limau na chumvi. Nikaona huu ndio wakati. Nikamsimulia yote: ile namba, ile nne ya Jumapili, kandambili nilizokula bure, na jinsi nilivyombonyezea Maestro mpaka nane. Nilisimulia vizuri, nikiigiza ule uso wake alipofumbua macho, nikiigiza masikio. Nilikuwa nasubiri acheke. Nilikuwa nasubiri aseme nimefanya kama mwanaume.

Alisikiliza hadi mwisho. Akanywa, akakiweka kikombe chini. Akanivuta sikio hadi kinywani mwake, kwa sababu sauti ilikuwa bado haijarudi na hakutaka nisikie nusu.

"Kalisti ulimupiga muzuri, alikuwa anastahili," akasema. "Lakini ile fimbo ulimupiga nayo, ilikuwa mi mama yako."